Karatasi za Lugha ya Vidoti

Juni 7, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na daktari wa moyo. Amesema, "Mama, andika kila siku kama binti amekunywa kidonge. Usiniletee habari za kichwani." Haya, naandika. Kidonge amekunywa, baada ya kununa.

Kurasa ni nyingi na kidonge ni kimoja, kwa hiyo nitaandika na mengine. Shule niliachia darasa la sita. Daktari atanivumilia mwandiko.

Binti yangu Zimkhitha ana miaka kumi na tisa. Alipokuwa na saba koo lilimuuma, nikamsukutulisha maji ya chumvi, nikadhani yameisha. Kumbe ugonjwa ulishuka moyoni ukaula. Sasa ana kilango cha chuma kifuani, na nyumba ikitulia unakisikia, tik, tik, kama saa ya ukutani. Kidonge ni cha kuzuia damu isigande hapo. Daktari anasema korona isimkute huyu, achanjwe mapema. Nikamuuliza mapema ni lini. Akasema ngojeni zamu. Zamu ya sasa ni ya wazee, na hata za wazee hazitoshi.

Nilicheka, nikamwona anashangaa. Sikumwambia ninafanya kazi wapi. Ninapakia chanjo. Hiyohiyo. Inajazwa kwenye vichupa hapahapa Afrika Kusini, mjini kwetu Gqeberha, nami naiweka kwenye masanduku kutwa nzima.

Juni 8, Jumanne

Kidonge amekunywa. Leo nimegombezwa mbele ya watu. Kila sanduku likijaa, mpakiaji anaandika tarehe na namba yake kwenye kikaratasi, anakiweka ndani juu ya vichupa, kisha mashine inalifunga kwa mkanda wa bluu. Namba yangu ni 47. Kalamu ilikauka, nikatoa ya Zimkhitha kutoka mfukoni. Ya kijani. Msimamizi wetu, bwana Jantjies, akanirukia.

"MaGatyeni! Kijani? Wino ni wa bluu au mweusi, umesikia hapa miaka minne!"

"Kwani dawa inajua rangi, bosi?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Sanduku moja lilikuwa limeshafungwa mkanda na kijani changu ndani, hawalifungui tena. Ameandika jina langu kwenye ubao wake. Mtu huyu alizaliwa na ubao mkononi.

Juni 9

Kidonge amekunywa. Karatasi: vidoti.

Nieleze. Kila pakiti ya dawa ina karatasi ya maelezo iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Kwa karatasi hiyo tunajua mzigo unakwenda wapi. Tangu Mei ni lugha moja, yenye vidoti viwiliviwili juu ya herufi, ya huko ng'ambo kwenye baridi. Siijui hata neno moja, ila nimeizoea kama uso wa jirani.

Juni 10

Kidonge amekunywa baada ya mimi kupiga kelele. Karatasi: vidoti.

Juni 15, Jumanne

Asubuhi zikaletwa karatasi mpya, hazina vidoti! Nikadhani safari hii mzigo unabaki kwetu. Nikafungua moja chini ya meza. Herufi c zote zina mikia. Lugha nyingine ya hukohuko ng'ambo.

Kidonge amekunywa.

Juni 18, Ijumaa

Wakati wa chakula nilimuuliza Mzoxolo, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Huyu ukimuuliza saa ngapi anaanzia enzi za babu yake, lakini leo alisema kitu.

"Mama, sisi hapa tunakodisha mikono. Dawa ina mwenyewe. Ana hati kwamba njia ya kuitengeneza ni mali yake, miaka ishirini, na mwingine akiitengeneza bila ruhusa anashtakiwa. Hati hiyo inaitwa hataza. Yeye anatuletea dawa kwenye mapipa, sisi tunajaza na kupakia, kisha yeye anasema lori liende wapi."

"Na tukitaka kuipika wenyewe?"

"Sufuria tunazo. Ruhusa hatuna."

"Serikali inasema nini?"

"Serikali yetu imekwenda kuomba mkutano wa dunia uzisimamishe hati hizo mpaka ugonjwa upite. Wenye hati wanasema tutazungumza."

Jantjies alikuwa meza ya pili na mkate wake. Akageuka. "Sema yote, Mzoxolo. Kuna watu wamekaa maabara miaka, wameharibu mara mia ndipo wakapatia. Wakinyang'anywa leo, ugonjwa ujao nani atajisumbua?"

"Walisumbuka kwa pesa za walipa kodi, bosi!"

"Si zote."

Wakaanza. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu, Zimkhitha atachanjwa lini.

Juni 19

Nikamweleza Zimkhitha habari ya hataza, nimefura. Akaacha simu yake, jambo la nadra.

"Mama. Wewe? Wewe na barakoa zako?"

"Barakoa zimeingiaje hapa?"

"Si wewe uliyemnunia MaNgwevu mwaka mzima kwa sababu amekuiga?"

Nikamwambia akanywe kidonge. Amekunywa, anacheka.

Lakini ni tofauti. Mwaka jana barakoa zote zilikuwa zinateleza puani. Mimi ndiye niliyefikiria kushonea ndani ule waya bapa unaofungia pakiti za kahawa. Nilikaa na cherehani mpaka mgongo ukapinda, halafu MaNgwevu, tunayesimama naye safu moja kwenye manyano, umoja wa akina mama wa kanisa, akafumua moja akaangalia ndani, akaanza kushona zake. Nina haki ya kununa.

Julai 1, Alhamisi

Siku ya manyano lakini kanisa limefungwa, tumeombea kwenye simu. Wimbi limefika. Wiki hii tumezika kina mama wawili wenzetu wa blauzi nyekundu, sare ya manyano, watu kumi na watano tu kaburini, hakuna kuimba kwa sauti. Mmoja alipigiwa simu ya chanjo siku mbili baada ya mazishi. Mwanawe alipokea akasema, "Mama hayupo." Wakamuuliza atarudi saa ngapi.

Kidonge amekunywa. Karatasi: vidoti.

Julai 6

Vidoti.

Julai 8

Vidoti. Umeme umekatwa mara mbili. Zimkhitha ametaka kwenda kwa rafiki yake kusuka nywele, nimekataa, amesema ninamfuga kama kuku. Basi kuku wangu ni mzima.

Julai 14, Jumatano

Leo nitaandika yote, halafu daktari akitaka hili daftari nitakata ukurasa.

Kwenye mstari wetu kuna pipa jekundu. Kichupa ambacho lebo yake imekaa upande, hata kwa upana wa kucha, kinaingia humo na baadaye kinachomwa moto. Dawa ndani ni nzima. Kosa ni la gundi. Kichupa kimoja ni watu watano. Nimevitazama vikiingia humo miaka na havikuniuma, maana zamani zilikuwa dawa za presha za watu nisiowajua.

Leo kimoja kilinijia lebo imepinda kidogo tu, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Mkono ulikwenda kwenye pipa. Haukufungua. Kichupa kikabaki ndani ya glavu, kwenye kiganja, baridi. Nikaendelea kupakia kwa mkono mmoja na nusu. Masikio yalikuwa yanagonga, tik, tik, nikidhani kila mtu anasikia. Nilishapanga: chooni, kisha kifuani, kisha kwa Sista Bukeka wa kliniki, nesi anayenijua, naye ana sindano.

Jantjies akaja na ubao.

"MaGatyeni. Pipa lako lina kumi na mbili. Mashine inasema kumi na tatu."

"Labda mashine ina usingizi, bosi."

"Mashine hailali." Akatazama mkono wangu. Kisha akatazama dari. "Natoka nje nikavute sigara, dakika tano. Nikirudi nitahesabu tena."

Akatoka. Nikasimama pale. Kumi na mbili, kumi na tatu. Nikifukuzwa, nani atamlipia nauli ya kwenda kupimwa damu kila mwezi? Nikifungwa, nani atampigia kelele za kidonge? Na nisipofanya, akiugua, nitajiambia nini? Kiganja kilikuwa kimeanza kupata joto. Nikakidondosha kichupa kwenye pipa, kikagonga vingine, mlio mdogo sana.

Alirudi, akahesabu, akaandika kumi na tatu.

Yule bwana havuti sigara.

Kidonge sikumbuki. Nimemwamsha nikamuuliza. Amekunywa.

Julai 15

Amenifuata kwenye makabati ya nguo. Nikajua sasa ndiyo mwisho.

"Ungekiweka wapi?" akauliza.

"Kifuani."

"Kifuani pana joto. Saa mbili tatu humo na ungemchoma mwanao maji ya bure, ukajidanganya amekingwa." Akavua miwani akaifuta, haikuwa na kitu. "Mama yangu yuko Gelvandale, ana miaka themanini na moja. Jina lake liko kwenye orodha tangu Mei. Mimi ndiye ninayesaini kila lori linalotoka hapa."

"Na bado unawatetea wenye hati."

"Nilisema wana haki ya kulipwa. Sikusema wana haki ya kuchagua mama wa nani."

Nilikuwa namwita mtu wa kampuni. Sijui sasa nimwite nani.

Julai 26

Kidonge amekunywa. Mama yake Jantjies amepigiwa simu, amechanjwa. Bosi katuletea biskuti zenye nazi, kila mtu mbili. Karatasi: mikia.

Agosti 2

Kidonge amekunywa. Vidoti.

Agosti 11, Jumatano

Homa. Nimerudi kazini nikamkuta kitandani na blanketi mbili, macho yanang'aa. "Usianze, Mama," akasema. Nikaanza. Nikamfunga shali, nikambeba nusu nikamkokota nusu mpaka kwa jirani mwenye gari. Hospitali wakamchukua mlangoni, mimi wakanibakiza nje ya uzio kwenye upepo, pamoja na akina mama wengine kila mmoja na mfuko wake wa plastiki wa nguo za mgonjwa. Saa tano nzima. Mlinzi alikuwa anatuambia, "Mama zangu, rudini nyumbani, mtapigiwa." Hakuna aliyekwenda. Mmoja aliuliza nafanya kazi gani. Nikasema kiwandani. Cha nini? Nikasema cha masanduku. Kwa aibu gani sijui, mimi sijamwibia mtu. Lakini mwanawe alikuwa kwenye oksijeni, nami asubuhi ile nilikuwa nimepakia masanduku tisini ya vidoti.

Ilikuwa jino. Jino bovu, usaha, homa. Daktari kasema kwa moyo ule jino nalo si mchezo, lakini korona hapana. Nikakaa chini palepale kwenye lami, nikacheka mpaka mlinzi akaniletea maji.

Ameng'olewa. Kidonge wamesimamisha siku mbili kwa ajili ya damu.

Agosti 16

Kidonge amekunywa. Uso umevimba, anadai huruma kutwa nzima na anapata. Kazini gazeti limepita mkono kwa mkono: limeandika kwamba dawa inayopakiwa kwetu inapelekwa ng'ambo. Watu wamestuka. Mzoxolo kasema, "Wangetuuliza sisi Mei."

Agosti 20, Ijumaa

Zamu ya vijana imetangazwa! Niliomba ruhusa, Jantjies akaitoa kabla sijamaliza kusema. Tumefika kliniki saa kumi na moja alfajiri, watu wamezunguka jengo lote. Saa nne Sista Bukeka akatoka.

"Zimeisha, wapendwa. Rudini Jumatatu."

"Zimeisha vipi na ndiyo kwanza mnafungua?" akapiga kelele mtu.

"Zilikuja chache, baba. Usinigombeze mimi, mimi sizitengenezi."

Zimkhitha akanitazama. "Usiseme kitu, Mama," akanong'ona. Nikamshika mkono tukaondoka. Nilidhani nitapasuka.

Agosti 23, Jumatatu

Zimeisha.

Agosti 26, Alhamisi

Sista Bukeka kaniambia pembeni: kichupa kikishafunguliwa lazima kiishe siku ileile. Jioni wakikaribia kufunga, kikiwa kimebaki na dozi moja au mbili, wanatoka nje na kumwita yeyote aliye karibu. Uwe karibu. Lakini mimi saa hizo niko kazini, na Zimkhitha siwezi kumsimamisha kutwa kwenye kundi la watu wanaokohoa.

Nyumba inayotazamana na mlango wa kliniki ni ya MaNgwevu. Wapo watu wengi mtaani na ilibidi iwe yeye.

Nikabisha. Akafungua, mikono kiunoni. "Loo. MaGatyeni mwenyewe. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuomba."

"Mwaka mzima hunisalimii kwa ajili ya waya wa pua, leo unaomba."

"Ulikuwa waya wangu."

"Ulikuwa waya wa pakiti ya kahawa, mwanamke wewe! Na nilikuja kukuomba. Umesahau? Nilisimama hapo kwako getini nikasema nionyeshe, watu wa mtaa wa nyuma hawana barakoa, na wewe huwafikii. Ukanijibu nikabuni ya kwangu."

Nilikuwa nimesahau. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nimelifuta kabisa. Nilishona barakoa thelathini kwa siku, nikichangamka, na mitaa hii ina watu elfu na elfu. Siri niliibana ili tu watu waseme, ya MaGatyeni ndiyo haitelezi.

"Ungesema tu ni ya kwangu," nikasema. "Hicho ndicho kilichoniuma."

"Nilisema. Kila niliyempa nilimwambia, hii ni ya MaGatyeni. Ungeuliza ungejua. Ingia, umngqusho wa mahindi na maharage uko jikoni."

Nimekula sahani mbili. Kesho Zimkhitha atakaa kwake dirishani, ndani, na MaNgwevu atapiga doria mlangoni kwa kliniki.

Agosti 30

Hakuna masalia. Kidonge amekunywa kwa MaNgwevu. Huko anakunywa bila kununa.

Septemba 3

Yalibaki ya mtu mmoja. Alikuwepo dereva wa teksi mwenye sukari. MaNgwevu alitaka kupigana. Zimkhitha, anayemwita bibi, kamwambia, "Makhulu, mwache, naye ana mama." Nani kamfundisha huyu mtoto? Nimekasirika na nimejivuna, vyote pamoja.

Septemba 7

Hakuna. Karatasi: vidoti.

Septemba 10, Ijumaa

Tangazo kanisani. Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe ukumbini, nchi moja ya ng'ambo imetuzawadia chanjo. Mkubwa wa idara ya afya atakuja, na kina mama wa manyano tuimbe wimbo wa shukrani, blauzi zipigwe pasi. Kuchanja kutaanza palepale, wagonjwa wa moyo na sukari kwanza.

Nimefurahi. Napiga pasi na huku nanung'unika.

Septemba 18, Jumamosi

Jua kali, baridi imekwisha. Ukumbi umejaa, viti viko mbalimbali. Zimkhitha kiti cha mbele, Sista Bukeka kamweka wa kwanza kwa makusudi. Mezani lilikaa sanduku moja la kupigia picha, lina stika ya bendera na utepe. Mengine yako kwenye friji ya kliniki. Mkubwa akasema maneno marefu juu ya ukarimu wa marafiki wanaotukumbuka wakiwa mbali. Jantjies nilimwona nyuma amesimama, sijui nani kamwalika.

Tukaimba ubeti wa kwanza. Sista Bukeka akavuta utepe, akatia mkasi kwenye mkanda. Mkanda niliujua. Ulikuwa bado uleule wa kwetu, wa bluu, haukuwahi kufunguliwa. Akatoa kikaratasi cha juu akakiweka pembeni, na mimi niko safu ya kwanza, mita mbili.

Wino wa kijani.

47. Juni 8.

Wimbo ukaniishia mdomoni. MaNgwevu akanipiga kiwiko, "Imba!" Sikuweza. Miezi mitatu na siku kumi. Limepanda ndege, limekaa kwenye friji ya watu bila kuguswa hata mkanda, limebandikwa bendera, limepanda ndege tena. Na tarehe yake ya kuharibika, niliisoma upande wa sanduku, ni mwezi ujao.

Nikatoka kwenye safu. Mkubwa akadhani nakwenda kumpa mkono, akanyoosha wake. Nikampita nikafika mezani, nikachukua kikaratasi.

"Mama, vipi?" akauliza Sista Bukeka. Alikuwa ameshika karatasi ya maelezo, anaigeuza juu chini. "Hii lugha gani? Wala sijui inasema nini."

"Ni ya vidoti," nikasema. "Naifahamu. Hili nililipakia mimi."

"Wapi?"

"Hapa. Dakika ishirini kwa gari."

Mkubwa akakohoa, akasema labda kuna mkanganyiko. Ndipo sauti ya nyuma ikasema, "Hakuna mkanganyiko. Siku ile nilimgombeza kwa kalamu hiyo. Imo kwenye ubao wangu." Jantjies. Alikuwa amevua miwani.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule mkubwa. Miezi yote nimeyapanga, na yako humu. Lakini Zimkhitha alikuwa ameshakunja mkono wa gauni, bega liko wazi, ananitazama kama vile ananiambia Mama, baadaye. Kweli, dozi ilikuwa tayari kwenye sindano.

"Mchome mwanangu kwanza," nikasema. "Halafu tutaongea, na mtanijibu."

Akachomwa. Hakukunja hata uso. Mkubwa aliondoka kabla hatujaongea, ana mkutano mwingine. MaNgwevu kachukua namba yake ya simu kutoka kwa dereva wake. Jumatatu tunampigia, manyano nzima, kwa zamu.

Wimbo wa shukrani haukumaliziwa.

Kikaratasi nimekibandika hapa chini kwa gundi ya unga. Kimefunika nusu ya ukurasa, daktari atanisamehe.

Kidonge amekunywa. Mkono unamuuma, analalamika tangu mchana, na mimi ninamwacha alalamike.